Utepe Mwekundu wa Bi Futi

Usiku ule Bi Mashaka hakulala, wala hakujisumbua kujifanya amelala. Alikaa kwenye kiti cha jikoni, kitambaa cha kufutia vyombo begani, akisikiliza. Upande wa pili wa ukuta dada yake alikuwa anakoroma. Asubuhi mtu aende akaambiwe kama uvimbe wake umekufa au ungali hai, halafu anakoroma! Bi Mashaka alilifuatilia lile koromo kama daktari: hili la kawaida, hili limekatika, hili limerudi. Lilipokatika likachelewa kurudi, alinyanyuka akausukuma mlango kwa ncha ya kidole.

"Niko hai," sauti ilisema gizani. "Kalale."

"Nilikuwa natafuta chumvi."

"Chumbani kwangu?"

Bi Mashaka akaufunga mlango taratibu, akarudi kwenye kiti chake.

Jina hilo alipewa na huyo huyo dada yake tangu wakiwa wadogo, kwa sababu hata mvua ikianza kunyesha yeye alikuwa anauliza itakoma lini. Na dada mtu naye, mtaa mzima ulimwita Bi Futi. Hakuna aliyewahi kumwona bila futi ya kupimia shingoni, ile ya manjano yenye vichuma mwishoni, iliyofutika namba za mwanzo kwa kushikwashikwa. Hakujaliwa mtoto. Watoto wa mdogo wake walimwita Mama Mkubwa, na kila mmoja wao alikwenda shule na sare iliyopitia mikononi mwake.

Chumba cha mbele cha nyumba ndicho kilikuwa kiwanda. Cherehani tatu, meza moja ndefu ya kukatia, dirisha linalotazama barabara, na kabati ambalo ufunguo wake Bi Futi aliufunga kwenye sidiria. Ndani ya kabati zilitundikwa patani, yaani zile karatasi ngumu za kukatia nguo, alizozichora mwenyewe miaka na miaka. Patani ya kabatini haikutoka. Alikuwa anainakili kwenye gazeti la zamani, anaikata ile nakala, na nakala ndiyo aliwapa mafundi wake wawili wa kike waende nayo mezani. "Mama hatoki nyumbani," alikuwa akisema. "Anatumwa mtoto."

Mteja akibadili mawazo, au kitambaa kikipungua, Bi Futi hakupiga kelele chumba kizima. Alichukua kipande cha utepe mwekundu, kisichozidi urefu wa kidole, akakibana kwa pini juu ya ile nakala. Basi. Fundi akiuona utepe anaweka mkasi chini, hata kama alishafika kwenye kola. Patani ya kabatini iko salama, cherehani ni nzima, kitambaa kipo, lakini nguo ile haishonwi.

Ugonjwa aliugundua Bi Mashaka kwa macho. Dada yake alichukia nguo nyeusi maisha yake yote. Alisema weusi unaficha mshono mbaya. Ghafla akaanza kuvaa sketi nyeusi kila siku. Kisha mto wa kiti chake ukageuzwa juu chini. Kisha akawa anafua usiku, yeye aliyekuwa anasema nguo isiyoanikwa juani haijafuliwa.

"Dada," Bi Mashaka alimwuliza siku moja mafundi walipotoka, "wewe mambo ya mwezi yalishakwisha zamani. Hiyo damu ni ya nini?"

Bi Futi hakuinua kichwa kwenye pindo. "Macho yako yangefaa kulinda benki."

"Nijibu."

"Ni uzee."

"Uzee hauvuji. Mficha maradhi kifo humuumbua. Vaa viatu twende."

Walikwenda. Waliambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi. Haijatapakaa mbali, lakini imeshakua kiasi kwamba upasuaji peke yake hautaitoa. Dawa yake ni mionzi, pamoja na dawa ya mshipani ya kuisaidia mionzi hiyo ifanye kazi. Kurudi nyumbani Bi Futi hakulia. Alitoa kabatini kitambaa cha buluu iliyokolea, alichokuwa amekikata wiki chache nyuma kwa ajili yake mwenyewe. Lilikuwa gauni lake la kwanza tangu akumbuke, maana fundi siku zote huvaa mabaki ya wateja. Alikikunja pamoja na nakala yake, akabana utepe mwekundu juu, akakiweka mwisho wa meza.

"Hili lisiguswe," aliwaambia mafundi. "Mpaka nijue kama ninalivaa."

Tangu siku hiyo Bi Mashaka hakuweza kupita mwisho wa meza ile bila kuutazama ule utepe.

Kabla matibabu hayajaanza, daktari alihitaji kukata kipande kidogo cha uvimbe kwa vipimo vyake. Hapo ndipo alipokuja msichana mmoja wa maabara, mwenye miwani na sauti ya chini, akavuta kiti akaketi mbele yao. Yeye ni mtafiti, alisema. Anaomba, kwa ridhaa ya mama, kipande kingine kidogo kama punje ya mchele.

"Cha kupeleka wapi?" Bi Mashaka alidakia. "Mnamkata mtu nyama kama mko buchani?"

"Mwache aseme," dada yake alisema.

Msichana akasema. Kuna jambo linawasumbua. Wanawake wawili wanakuja na uvimbe wa ukubwa mmoja, wanapigwa mionzi ileile, kipimo kilekile. Mmoja, uvimbe unayeyuka. Mwingine, uvimbe unakaa pale pale kama haujasikia kitu.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alinong'ona Bi Mashaka.

"Hapa ni kinyume, mdogo wangu," Bi Futi alisema. "Likisikia ndilo linakufa. Tuombe hilo vimbe liwe na masikio makubwa." Akamgeukia msichana. "Endelea, mwanangu. Nini kinaliziba?"

"Mambo ni mengi, mama. Mimi nafuatilia moja." Msichana alitafuta maneno, ikaonekana amezoea kuongea na watu wa maabara tu. "Ndani ya kila seli ya mwili kuna maagizo. Maagizo yenyewe hayatoki mahali pake. Seli inayanakili, nakala ndiyo inayokwenda kufanyiwa kazi. Sasa kuna vijipande vidogo mno, vinaitwa maikro-RNA. Vyenyewe havitengenezi kitu. Vinakwenda kujibana kwenye nakala, na nakala ikishabanwa, ile kazi haifanyiki, au inafanyika kidogo sana."

Bi Futi alibana vidole viwili kama vinashika pini. Kisha akajipiga paja. "Utepe wangu mwekundu!"

"Mama?"

Ikabidi amweleze habari ya kabati, magazeti na pini. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, miwani ikamteleza puani. "Ndivyo," alisema. "Ndivyo kabisa. Mionzi, mama, inakata nyuzi zilizo ndani ya seli ya saratani. Seli nayo haikubali kufa hivi hivi, inajaribu kujishona. Kijipande kikibana nakala ya kushonea, inashindwa kujishona, inakufa. Hicho tunakipenda. Lakini kuna kingine kinabana nakala inayoiambia seli iliyoharibika ijifie. Hapo seli inabaki hai ilhali ilipaswa kufa."

"Kwa hiyo utepe wenyewe si adui wala si rafiki."

"Inategemea umebanwa juu ya nini."

"Na wangu umebanwa juu ya nini?"

Msichana aliitazama mikono yake. "Sitaweza kukuambia, mama. Tunalinganisha wanawake wengi, na kazi bado mbichi. Matibabu yako hayatabadilika, ukikubali au ukikataa. Labda wanaokuja baadaye, daktari ataweza kujua mapema nani aongezewe nini."

"Sasa kama yeye hapati kitu, ya nini?" Bi Mashaka alisema. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, na akilengwa na machozi huwa mkali. "Dada, kataa. Umeshakatwa ya kutosha."

Bi Futi alimtazama mdogo wake kwa upole uliomzidishia hasira. "Gauni gumu nalishonea kwanza kitambaa cha kujaribia. Kile hakivaliwi na mtu, kinaishia kufutia cherehani. Lakini bila kile, kitambaa cha mteja kinaharibika. Umewahi kunisikia nikisema kile kimekatwa bure?" Akanyoosha mkono kwa msichana. "Niweke sahihi wapi?"

Mionzi ikaanza. Kila siku ya kazi walipanda basi la asubuhi, wakakaa kwenye benchi refu nje ya chumba cha mashine, pamoja na wanawake wengine, kila mmoja na chupa yake ya maji. Ilikuwa lazima kibofu kijae, ili kiyasukume matumbo yasiunguzwe. Na mashine ilikuwa moja, na mara kwa mara ilichelewa. Basi benchi zima lilikaa limebana miguu, nyuso zimekunjamana.

"Jamani," Bi Futi alianza siku moja, "kulikuwa na bwana harusi alikuja kupimwa suruali..."

"Usithubutu!" walipiga kelele. "Bi Futi, usituchekeshe, tutamwaga!"

"...akaniambia, fundi, acha nafasi kiunoni, nitakula sana kwa mama mkwe..."

"Mtoeni huyu!"

Fundi wa mionzi, kijana mrefu mwenye viatu vya mpira, alichungulia mlangoni kuona nani anauawa.

Yeye ndiye aliyemchora Bi Futi mistari tumboni na kwenye nyonga kwa wino mzito, ili kila siku amlaze pale pale alipomlaza jana. Alimwonya asiisugue. Bi Futi hakuisugua. Lakini fundi cherehani anatoka jasho, na mkanda wa sketi unakula wino. Mwisho wa juma moja mistari ikawa imefifia sana. Jumapili jioni akamwita mdogo wake chumbani, akasimama mbele ya kabati la nguo na futi yake na kalamu ya wino.

"Shika kioo."

"Unafanya nini, dada?"

"Namsaidia kijana wa watu. Shika kioo, kiinue. Huu wa katikati hauonekani vizuri. Na umepinda."

"Umepinda?"

"Umekwenda upande. Tazama." Akapima kutoka nyonga ya kushoto, akapima kutoka nyonga ya kulia, akatikisa kichwa kama anavyotikisa kwa mshono wa mwanafunzi. Kisha akachora upya, mstari mnyoofu kama pindo la suruali ya askari.

Jumatatu fundi wa mionzi alimlaza mezani, akawasha taa zake nyembamba za kulengea. Akazima, akawasha tena.

"Mama, nani amechora hapa?"

"Mimi, mwanangu. Wako ulikuwa umepinda, nimeunyoosha."

Kijana alikaa kitako kwenye kigoda. Baadaye aliwahadithia wenzake kwamba hakujua acheke au alie. "Mama," alisema, "kilichopinda ni mwili wako. Kila mtu amepinda. Mstari wangu unaufuata uvimbe, haufuati futi. Ningewasha mashine hii, ningekupiga pembeni."

Hakuiwasha. Siku hiyo hakupigwa mionzi kabisa. Alirudishwa kupigwa picha, akapimwa upya tangu mwanzo, na siku iliyopotea ikaja kufidiwa Jumamosi. Bi Mashaka, aliyeshika kioo, alilia njia nzima ndani ya basi mpaka kondakta akamrudishia nauli akidhani amefiwa. Siku moja nzima uvimbe umepewa nafasi ya kujishona! Hiyo ndiyo iliyomkaa kichwani, na haikutoka.

Bi Futi yeye hakulia. Kesho yake aliingia kwenye chumba cha mashine, akasimama mbele ya yule kijana kama mwanafunzi.

"Nimekosa. Kwangu mtu akigusa patani yangu namfukuza. Nisamehe."

"Yamekwisha, mama."

"Hayajakwisha. Tugawane kazi. Mistari ni yako, sitaigusa hata ikifutika yote. Ila haya magauni mnayotuvisha nipe mimi."

Magauni ya hospitali yalikuwa yanafungwa nyuma kwa kamba moja, na kamba nyingi zilishakatika. Wanawake walikuwa wakitembea ukumbini wameyashika kwa mkono, migongo wazi, aibu tupu. Na wakifika mezani inabidi wainuliwe nguo yote ndipo mistari ionekane. Bi Futi aliyabeba manne manne kwenye mfuko, akayahamishia mpasuo ubavuni, akaweka vifungo vya kitambaa vinavyofunguka palepale panapohitajika na si zaidi. Alifanya hivyo wakati ambao mwenyewe tumbo lilikuwa linamwendesha, miguu haina nguvu, chakula kinanuka kama sabuni. Alishona amekalia mito miwili. Akichoka analaza shavu juu ya cherehani, kisha anaendelea.

"Pumzika basi," Bi Mashaka alimsihi.

"Nikipumzika nitakuwa nawaza kama wewe. Nyumba hii haitoshi wenye mashaka wawili."

Benchi likabadilika. Wanawake waliketi wima. Yule kijana akawa anamwita "fundi mwenzangu," na kila mgonjwa mpya alipokelewa na Bi Futi kwa wosia mmoja: "Kunywa maji, kaza roho, na mstari wako hata uwe umepinda kama mkia wa mbwa, usiunyooshe." Yalipofika mambo ya mionzi ya ndani, inayoingizwa mwilini hadi penye uvimbe, ambayo ni mazito na mtu huyapita peke yake, aliingia akiwa amevaa gauni la mkono wake. Alitoka uso wa kijivu kama majivu ya jiko, na neno lake la kwanza lilikuwa kwamba kifungo cha tatu kinataka kusogezwa.

Kisha wakaambiwa waende nyumbani wasubiri. Mionzi huendelea kufanya kazi hata ikishazimwa. Kuchungulia mapema ni sawa na kufunua chungu kabla hakijaiva. Miezi ikapita hivyo. Kitambaa cha buluu kikakaa mwisho wa meza, kikashika vumbi kwenye mikunjo. Fundi mmoja alipotaka kukipangusa, Bi Futi alimwonya kwa jicho tu.

Na ndiyo maana Bi Mashaka alikesha usiku ule.

Asubuhi walikaa nje ya chumba cha daktari. Picha ilikuwa imeshapigwa, ilibaki majibu. Jina lilipoitwa, wote wawili wakasimama.

"Wewe kaa," Bi Futi alisema.

"Nakuja na wewe."

"Ukiingia daktari atakutibu wewe kwanza." Akavua futi shingoni, akamkabidhi. Hakuwahi kumpa mtu futi ile. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Bi Mashaka aliizungusha futi kidoleni, akaizongoa. Alihesabu vigae vya ukutani akapotea. Mlangoni mlikuwa na kioo cha ukungu. Aliona kivuli kimekaa, kivuli kimesimama, kivuli kimekaa tena. Kwa nini kasimama? Kwa nini kakaa?

Yule msichana wa maabara akapita na kisanduku cha barafu mkononi. Bi Mashaka alimshika mkono kabla hajajijua.

"Mwanangu, mimi si mtu wa kusema sema. Niambie mimi tu. Ule utepe wake mliukuta umebanwa wapi?"

Msichana aliweka kisanduku chini. "Mama, hata nikitaka siwezi. Vipande vyenu vina namba tu, havina majina. Sijui kipi ni cha nani."

"Hata kwa kukisia?"

"Hata kwa kukisia. Na hata ningejua, mimi ningekuambia neno moja tu, huenda. Aliyeona ni daktari, huyo aliye ndani." Aliketi pembeni yake, mapaja yakagusana. "Lakini nikuambie kitu. Nilipokuja kuomba kwa akina mama wapya waliofika kwenye benchi lile kabla ya kuanza mionzi, wengi walikuwa wanakataa, wanaogopa. Dada yako akawaeleza habari ya pini na utepe vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Walikubali karibu wote. Sasa nina vya kulinganisha."

Bi Mashaka alimtazama. Miezi yote hii alidhani dada yake anakaa kwenye benchi lile anapiga porojo.

"Hakuniambia," alisema.

"Labda hakutaka uwe na mashaka."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaoogopa. Ndani, kivuli kilisimama. Safari hii hakikukaa. Kitasa kikazunguka nusu, kikarudi. Mtu alikuwa anamalizia kusema jambo. Bi Mashaka akasimama, futi imemkaza kiganja.

Mlango ukafunguka.

Daktari ndiye aliyeushika, akimpisha Bi Futi atoke. "Leo hatuoni uvimbe," alimwambia Bi Mashaka moja kwa moja, kwa kuwa alimwona jinsi alivyosimama. "Sisemi yamekwisha. Atarudi kila baada ya miezi michache tumchungulie. Lakini leo, hauonekani."

Bi Mashaka aliikumbatia futi kifuani. Dada yake alinyoosha mkono, akachukua futi yake, akaivaa shingoni na kuziweka sawa ncha zake mbili.

"Limesikia," alisema. "Kumbe lilikuwa na masikio. Sasa usinililie hapa ukumbini, tangulia nyumbani ukautoe ule utepe. Utoe tu, usimruhusu mtu kushona. Nimekonda, lazima nijipime upya."

"Na nani atakushikia kioo?"

"Wewe," Bi Futi alisema. "Lakini safari hii mistari nitaichora kwenye kitambaa."